Macho Hayakuwashi?

Daktari wa macho alitumia neno moja tu kwenye simu: kuungua. Si ugonjwa, wala si vumbi. Ndani kabisa ya macho ya mgonjwa wake kulikuwa na alama za moto, na sasa kila alichojaribu kukitazama kilikuwa na doa jeusi katikati. Huenda doa lingepungua. Huenda lisingepungua. Na maswali ya polisi yasubiri hadi alasiri, tafadhali.

Kwa hiyo Inspekta alianzia kilimani.

Kituo cha setilaiti alikofanya kazi mgonjwa kilikuwa jengo jeupe lenye kuba kubwa juu ya paa, kama bakuli lililofunikwa kifudifudi. Mkuu wa kituo, mtu mnene aliyetokwa na jasho hata kwenye chumba chenye kiyoyozi, aliwapokea mlangoni, Inspekta na Sajenti wake, akaanza kujitetea kabla hajaulizwa.

"Mama Inspekta, hapa hatujawahi kupata ajali. Hata kidole hakijawahi kukatika. Na huyu binti ndiye jicho la kituo. Tunamwita Kipanga. Setilaiti ikichomoza jioni anaiona yeye kwanza, mitambo inafuata."

"Nieleze kazi kwanza. Ajali tutaifikia."

Mkuu alielekeza kidole juu. "Setilaiti nyingine zinatuma habari kwa redio. Yetu inatuma kwa mwanga, leza. Picha za mafuriko, picha za misitu inayowaka, zinashuka zote wakati redio ingekuwa bado inakohoa. Pale juu kwenye kuba kuna darubini inayounasa huo mwanga. Shida ni kwamba setilaiti iko mbali na inakimbia. Lazima ijue tuko wapi. Ndiyo maana na sisi tunairushia leza yetu kutoka chini, tunaiita mwali wa kuita. Ikiuona, inatulenga."

"Na mwali huo ndio uliomchoma."

"Uliakisiwa na kioo. Walikuwa wananyoosha vioo, kazi ya kila wiki. Watu wawili wanaingia kwenye kuba, mwali unawashwa kwa nguvu ndogo, wao wanarekebisha. Wote wanavaa miwani ya kinga. Maana mwali wenyewe hauonekani, mama. Hauna rangi, hauna joto la kulisikia, hauumi. Mtu anaweza kuutazama huku anapiga soga, asijue."

"Kama wivu wa mke wangu," alisema Sajenti. "Unajua umeungua ukishaungua."

Inspekta hakucheka. Alivaa glavu, akaiinua miwani iliyokuwa juu ya meza ya maabara. Fremu nyeusi ya plastiki, vioo vya kijani, mkanda wa mpira nyuma. Mkanda ulikuwa umelegezwa mpaka mwisho, kisha ukafungwa fundo. Aliligusa lile fundo kwa ncha ya kidole, akaliacha.

"Mnajuaje kwamba miwani inakinga?"

"Tunaipima." Mkuu aliwasha leza ndogo ya majaribio mezani, akaweka kipimo mbele yake. Tarakimu zikaruka juu. Alichukua miwani nyingine kutoka kwenye ndoano ukutani, akaishika katikati ya leza na kipimo. Tarakimu zikaanguka hadi sifuri. "Unaona? Hapiti hata sisimizi."

"Sasa hii."

Mkuu aliipokea ile ya Kipanga kwa kitambaa, akaishika palepale. Tarakimu zilitikisika kidogo, kisha zikarudi karibu na zilipokuwa. Akaisogeza. Akaigeuza. Zikabaki palepale. Sasa jasho lilikuwa linamtiririka shingoni.

Inspekta alichomoa kisu kidogo, akakibandua kioo kimoja kutoka kwenye fremu. Hakikuwa kioo. Zilikuwa tabaka mbili za plastiki ya kijani, zimegundishwa pamoja, ukingo wake umemegwa vipande vidogo vidogo, kama uliokatwa kwa mkasi wa kucha.

"Jalada la faili," alisema Sajenti. "Kila ofisi inayo."

"Basi ajali tumeimaliza, Mkuu," alisema Inspekta. "Ajali haishiki mkasi. Nani aliwasha mwali?"

"Profesa. Si profesa kweli, ni utani wetu, anapenda kutoa mihadhara. Mwali wa kuita ni kazi ya mikono yake. Na ni... ni shemeji yake Kipanga. Mkewe ndiye dada yake, anaendesha chumba cha mitambo. Hapa wote tunamwita Dada Mkubwa."

"Na aliyekuwa kwenye kuba pamoja na Kipanga?"

"Mgeni wetu, mhandisi kutoka kituo cha pili, ng'ambo ya milima. Kwao mawingu yakitanda, setilaiti inakuja kwetu. Kwetu yakitanda, inakwenda kwao. Amekuja kutuonyesha wanavyofanya."

"Macho yake yeye?"

Mkuu alisita. "Mazima kabisa."

Sajenti alimtazama bosi wake. Watu wawili chumba kimoja, mwali mmoja, na mmoja ametoka anaona.

*

Dada Mkubwa alikuwa amekesha hospitali. Alikuwa amerudi kituoni mara moja tu, kukabidhi sauti zilizonaswa siku ile. Hata hivyo nguo yake ilikuwa imenyooshwa, na kila kitu mezani kwake kilikuwa kimelazwa sambamba na kingine. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya upole ya mtu aliyezoea kuwatuliza wengine kwenye spika.

"Mama yetu alifariki mdogo wangu hajaanza shule," alisema. "Viatu nimemfunga mimi. Nywele nimemchana mimi. Shule nimempeleka mimi, na kazi hapa nimemwombea mimi. Watu wanadhani ni mwanangu, na mimi sijawahi kuwasahihisha."

"Nani angemtakia mabaya?"

"Kipanga? Hana adui. Hata mbu anamfukuza kwa adabu." Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. Ghafla mkono wake ukasimama juu ya meza.

Inspekta aligeuka kufuata macho yake. Ng'ambo ya ukuta wa kioo, kwenye ukumbi, mwanamume mrefu aliyevaa shati la mikono iliyokunjwa vizuri alikuwa anazungumza na mwanamke mwenye nywele za kusuka zilizofungwa juu fungu kubwa.

"Yule ni mume wako?"

"Ndiye."

"Na yule ni mgeni."

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema Dada Mkubwa. Sauti ilikuwa ileile ya upole, lakini kidole chake kilikuwa kinasugua ukingo wa meza, mbele, nyuma. "Yeye hajapewa jembe bado. Mdogo wangu ameungua macho, watu wapo ukumbini wanachekeana."

Inspekta alitazama tena. Hakuna aliyekuwa anacheka. Mwanamume alikuwa ameinama mbele, mwanamke amekunja mikono kifuani na mgongo wake umegusa ukuta.

"Nisikilizishe," alisema Inspekta.

Dada Mkubwa alibonyeza kitufe. Kwanza ilikuja sauti ya mwanamume: "Mko tayari huko juu?" Ikafuata ya kijana, changamfu: "Miwani tumevaa, shemeji. Washa." "Nawasha." Kisha mazungumzo ya kazi, bisibisi ikigusa chuma. Kulia kidogo. Tena. Umepitiliza, rudi.

Halafu sauti ya Dada Mkubwa mwenyewe, laini: "Mgeni wetu, uko sawa? Macho hayakuwashi?"

"Niko sawa, dada."

Bisibisi. Kicheko cha Kipanga kuhusu skrubu iliyodondoka. Kisha Dada Mkubwa tena: "Una hakika, mgeni? Hakuna kinachokusumbua machoni?"

"Hakuna kabisa. Asante."

Kisha Kipanga, na safari hii uchangamfu ulikuwa umetoka: "Dada... hebu zimeni. Mbona naona giza katikati?"

Kilichofuata ni mshindo wa kiti kilichoanguka, na miguu inayokimbia.

"Kiti kilikuwa changu," alisema Dada Mkubwa. Machozi yalimtoka bila uso wake kubadilika. "Ngazi nilizipandaje, sikumbuki."

Inspekta aliomba nakala ya sauti, akapewa. Nje, Sajenti alitikisa kichwa.

"Roho ya dhahabu ile, Afande. Hata mgeni asiyempenda anamjulia hali."

"Umemwona hampendi?"

"Nina mke, Afande. Kidole kile kinachosugua meza nakijua. Kikianza, mimi huwa natafuta kiatu."

*

Mlinzi wa lango ndiye aliyewaelekeza kwa Profesa. Siku moja kabla ya tukio, alisema, Profesa na Kipanga waligombana kwenye maegesho ya magari mpaka ndege wakaruka. Maneno mengi hakuyasikia. La mwisho alilisikia vizuri, maana Profesa alilitamka akiwa amemnyooshea kidole: "Utaona wewe!"

Walimkuta Profesa peke yake kwenye chumba cha leza, ananukia manukato, hana mahali pa kuweka mikono.

"Ulimwambia ataona," alisema Inspekta. "Kesho yake haoni."

Uso wa Profesa ulipauka. "Yale ni maneno ya hasira. Nani hajawahi kumwambia mtu utaona?"

"Mimi sijawahi kumwambia mtu halafu nikashika swichi ya leza inayomchoma. Mligombania nini?"

"Mambo ya familia."

"Nimepewa jambo jingine na Mkuu. Mradi huu ulikuwa wako. Mwezi uliopita akaukabidhi kwa Kipanga auongoze."

Profesa alicheka kicheko kikavu. "Kumbe hilo nalo linahesabiwa. Sawa, liandikeni. Kushika bisibisi nimemfundisha mimi. Alikuwa hajui mbele ya lenzi wala nyuma. Leo napokea maagizo kutoka kwake. Shemeji kulia, shemeji kushoto. Inauma. Unataka niseme haiumi?"

"Nataka useme mlichogombania."

"Nimesema ni mambo ya familia."

"Nguvu ya mwali uliipandisha?"

"Hapana! Angalieni mtambo, unatunza kila kitu. Ilikuwa ndogo kama siku zote. Kwa miwani salama, hata ukilala kifudifudi juu ya kioo huungui. Sikujua miwani ile ina nini." Aliifuta midomo yake. "Ni shemeji yangu. Anakula mezani kwangu."

Alisema haya huku akimtazama Sajenti, kwa kuwa Inspekta alikuwa ameacha kumtazama yeye na kuanza kutazama kichwa chake. Kilikuwa kimenyolewa, chembamba.

Nje, Sajenti alishindwa kuvumilia. "Tumbebe, Afande. Sababu anayo, nafasi anayo, na ulimi ndio huo."

"Ulimi ni mrefu, hilo nakubali. Lakini mtambo tumeuona, nguvu haikuguswa. Mchezo wote ulichezwa kwenye miwani, na ile miwani ina jambo linalonikera."

"Jambo gani?"

"Fundo. Mtu akifunga fundo kwenye mkanda wa miwani, ni kwa sababu mkanda ni mkubwa kwake. Sasa kama ni miwani yake ya kila siku, kwa nini asiukaze kwa kibano chake, auache ukiwa umekazwa? Nani huja kazini miaka yote na miwani inayompwaya?"

Sajenti alikuna kidevu. "Mtu aliyevaa isiyo yake."

"Nitafutie mwenye kichwa kikubwa."

*

Hakikuwa kichwa kikubwa. Zilikuwa nywele. Mgeni aliingia kwenye chumba cha mikutano na lile fungu la nywele za kusuka juu ya kisogo, na machoni alivaa miwani minene ya kuonea, ile ambayo ikivuliwa mtu hujikwaa kwenye kizingiti.

Inspekta alikuwa amelifungua fundo tayari. Alimpa ile fremu, bila vile vipande vya kijani. "Jaribu."

Mgeni aliivaa, akaupitisha mkanda nyuma ya fungu la nywele. Ulikaa kama uliopimwa na fundi.

"Hii ni yangu," alisema kwa mshangao. "Ni ile niliyopewa siku nilipofika. Angalia ndani, kuna karatasi imeandikwa Mgeni."

"Karatasi tumeiona. Jasho limeifuta, haikusomeka. Kwa nini ilikuwa usoni kwa Kipanga?"

"Tulibadilishana. Hii ni nyembamba, ilikuwa inanigandamiza miwani yangu ya macho mpaka puani panauma. Siku ile tukiwa kwenye ngazi za kwenda juu akaniona nahangaika. Akacheka, akasema, chukua yangu ni pana, mimi sina miwani ya kuonea. Akavaa hii, ikampwaya, akaifunga fundo." Aliivua taratibu. "Mbona mnaniuliza hivi?"

Inspekta alimweleza habari ya plastiki ya kijani. Hakupunguza wala kuongeza. Mgeni alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaketi bila kukaribishwa.

"Kwa hiyo ilikuwa niwe mimi."

"Nani aliwaona mkibadilishana?"

"Hakuna. Tulikuwa wawili tu ngazini. Na ukishaivaa, zote zinafanana."

"Una ugomvi na mtu hapa?"

Mwanamke aliivua miwani yake minene, akaisafisha kwa pindo la blauzi. Bila hiyo uso wake ulionekana mdogo, umechoka.

"Profesa alinitaka," alisema. "Tangu siku ya pili. Mara ujumbe, mara simu, mara maua aliyoyachuma kwenye bustani ya kituo, aibu tupu. Nikamwambia hapana. Akadhani ni hapana ya maringo. Nikaona nitafanya nini, nikamwambia Kipanga, maana ni shemeji yake na ndiye kiongozi wangu hapa. Alikasirika! Akamvaa palepale kwenye maegesho. Alimwambia akinifuata tena anampeleka kwa Mkuu. Ndipo yule baba akamwambia utaona."

"Na leo ukumbini?"

"Leo alikuja kuniomba nisiwaambie ninyi. Nilimwambia aniondokee, shemeji yake yuko wodini na yeye anafikiria jina lake."

"Dada Mkubwa anajua haya?"

"Kipanga alinikataza kabisa. Alisema dada akisikia atavunjika, tuyamalize chini kwa chini. Mimi nikanyamaza. Si nyumba yangu." Alivaa miwani tena, akamtazama Inspekta sawasawa. "Lakini macho ya yule mama nimeyaona. Nikipita, yanapita na mimi. Nikinywa maji, yananitazama nikimeza."

*

Ndani ya gari, kabla ya kuwasha injini, Inspekta alimpa Sajenti simu. "Sikiliza tena. Safari hii usisikilize roho ya dhahabu. Sikiliza maswali."

Sajenti aliweka simu sikioni. Macho hayakuwashi? Una hakika, mgeni? Hakuna kinachokusumbua machoni? Alisikiliza mpaka mshindo wa kiti, akarudisha nyuma, akasikiliza tena.

"Mkuu alisema nini kuhusu mwali?" aliuliza Inspekta.

"Hauonekani. Hauumi."

"Kuna aliyekuwa amelalamika?"

"Hakuna."

"Basi yeye alijuaje kwamba kuna macho ya kuuliziwa?" Inspekta alifunga mkanda wa gari. "Na huko juu walisimama wawili. Mmoja mtu baki. Mwingine ni yule aliyemfunga viatu. Anauliza mara mbili, na mara zote anamuuliza mtu baki."

Sajenti aliirudisha simu.

"Alikuwa anangoja," alisema hatimaye. "Alikuwa anangoja jibu, na jibu likatoka mdomo mwingine."

*

Wodi ya macho ilikuwa na mapazia mazito, mchana ukionekana kama maji ya matope. Kipanga alikuwa ameketi kitandani, macho yamefunikwa kwa pamba, nywele zake fupi zimelala upande mmoja. Dada Mkubwa alikuwa kwenye kiti kando yake, anamfuta shingo kwa kitambaa chenye maji. Aliwaona polisi mlangoni, lakini hakuacha kufuta.

"Ni Inspekta," alisema Kipanga. "Daktari alinieleza utakuja. Karibu. Samahani sikuoni."

"Nina swali moja tu kwanza. Miwani uliyovaa siku ile, ilikuwa yako?"

"Hapana. Ilikuwa ya mgeni. Tulibadilishana kwenye ngazi, yake ilikuwa inamuumiza."

Inspekta hakuwa anamtazama Kipanga. Alikuwa anakitazama kitambaa. Kitambaa kilisimama.

"Mlibadilishana?" alisema Dada Mkubwa.

Lilikuwa neno moja, na lilitoka polepole, kama la mtu aliyetafuta kitu chumba kizima halafu akaonyeshwa kiko mkononi mwake.

"Ndilo ulilokuwa unajiuliza," alisema Inspekta. "Tangu siku ile. Ulisoma jina ndani ya fremu, ukahakikisha ni lenyewe, ukairudisha kwenye ndoano ya Mgeni. Ukakaa kwenye spika ukamuuliza kama macho yanamuwasha. Hakuna mwingine kwenye kituo kile aliyekuwa na sababu ya kuuliza. Na ulimuuliza yeye peke yake."

"Dada?" alisema Kipanga.

Dada Mkubwa alikikunja kitambaa mara mbili, akakiweka kwenye bakuli. Alipozungumza, sauti ilikuwa bado ya upole, na huo upole ndio uliomfanya Sajenti asogee karibu.

"Alikuja na sanduku moja, akataka kuondoka na nyumba yangu. Mume wangu miaka hii yote hajawahi kunichumia hata jani. Nikamwona kwenye kamera ya bustani anachuma maua. Nikasema leo nimekumbukwa. Nikangoja jioni. Nikaenda hadi kwenye gari lake kuangalia. Kesho yake maua yako kwenye pipa la taka karibu na meza ya yule mwanamke. Ameyachezea, ameyatupa. Mimi ningeyaweka kwenye maji."

"Kwa hiyo ukakata plastiki."

"Nilitaka aache kumtazama mume wangu. Hayo macho tu. Nilijiambia ni macho tu."

"Dada," alisema Kipanga tena. Alikuwa ameinua mkono hewani, hajui auelekeze wapi. "Aliyatupa kwa sababu alimkataa. Mgeni alimkataa shemeji tangu mwanzo. Aliniambia mwenyewe, na ujumbe nimeusoma. Shemeji ndiye aliyekuwa anamfuata. Nilimgombeza shemeji. Nikanyamaza ili wewe usiumie."

Kinywa cha Dada Mkubwa kilifunguka, kikabaki wazi. Kwenye kitanda cha pili mgonjwa mwingine alijigeuza ukutani, kwa heshima.

Muuguzi aligonga mlango, akachungulia. "Saa ya matone imefika. Dada Mkubwa, unamdondoshea mwenyewe kama asubuhi?"

Kwa mazoea, Dada Mkubwa alisimama. Alichukua chupa ndogo juu ya kabati, akaitikisa, akafungua kifuniko. Aliinama juu ya mdogo wake, akanyoosha kidole kuiondoa pamba.

Kipanga aliusikia ule mkono kabla haujamgusa. Akaugeuza uso wake upande sauti ya Inspekta ilikotoka.

"Inspekta," alisema, "naomba unidondoshee wewe."

Muuguzi aliangalia huyu, akaangalia yule, akaondoka bila kuuliza. Inspekta alizunguka kitanda. Aliitoa chupa kwenye vidole vya Dada Mkubwa kimoja kimoja, wala havikushindana naye. Sajenti alikuja akasimama nyuma ya mwanamke yule, akamshika kiwiko, si kwa nguvu, akamwongoza hadi mlangoni.

Inspekta aliiondoa pamba. Jicho lilikuwa zuri tu kwa nje, jeusi, linang'aa, linatazama pasipo kumwona. Alikamua chupa. Kope zikapepesa, tone likateleza shavuni. Akajaribu tena. Likateleza tena.

"Mshike kidevu kwanza," alisema Dada Mkubwa kutoka mlangoni, kwa sauti ndogo. "Tangu mtoto ndivyo alivyo. Usipomshika kidevu anapepesa."

Inspekta alimshika kidevu, na tone likaingia.